Sahani ya Kombe

Juzi niliona sahani yenye madoa ya zafarani, uchungu wangu wa utotoni ukarudi. Baba alikuwa amerejea Rumonge kutoka kuwabebea Wajerumani mizigo, mabega yamechubuka, hapati usingizi. Mwalimu wa Kurani akamwandikia kombe: aya za faraja kwa zafarani juu ya sahani, zioshwe kwa maji, anywe. Mimi nikadhani ni mchuzi uliokauka. Nikaisugua sahani ziwani kwa mchanga.

“Mutoto weye! Umemwaga dawa ya baba yako!” mama akafoka.

“Leo samaki watalala,” baba akasema, akicheka huku akigumia. “Basi, nisomee weye.”

Nilijua aya moja tu, tena nusu. Niliirudia mpaka koo likakauka, nikikasirika kwamba baba hapati usingizi. Hakulala. Lakini kila nilipoanza upya, aliacha kugumia ili anisikie.