Nyota ya Fedha Shavuni mwa Dada

Kila ninaponusa dawa ya kupuliza nywele, namwona dada yangu kwenye kiti cha saluni ya mama, kule mtaa wa Troyeville. Alikuwa na kigugumizi, na darasani hakufungua mdomo. Siku ya tamasha la shule alimletea mama jarida kuukuu la vijana, lenye picha ya mwimbaji wa roki: mwanamume mwenye buti za kumetameta na nyota ya fedha shavuni.

"Nifanye ka… kama huyu."

Mama aliikodolea macho ile picha. "Eish! Haya, fumba macho, mwanangu." Akachukua brashi na rangi ya fedha.

Jioni ile jukwaani, nyota ya fedha shavuni, dada aliimba wimbo mzima bila kukwama. Nilimvuta mama mkono nimwulize kama yule ni dada kweli, lakini mama alikuwa amesimama, mdomo wazi.