Mrija wa Paskazia

Paskazia alikuwa mtu wa hadhari. Hata kambini Tanzania, alikokimbilia wakati wa vita akiwa mjane kijana, hakuna aliyemwona akinywa maji yasiyochemshwa. Amani iliporejea alivuka mpaka akarudi kwao Ryansoro, akamkuta shemeji yake Nazario analima shamba lote la marehemu mumewe. Hata juu ya kaburi la ndugu yake huyo Nazario alikuwa amepanda migomba, na ndizi zake akizikamua pombe.

Kesi ilisota miaka mingi. Mwaka wa korona wazee wa kilima, yaani wa kijiji chao, waliamua: nusu ya shamba, pamoja na kaburi, irudi kwa Paskazia. Ila kwanza wawili hao wanywe chungu kimoja kwa mrija mmoja, kama desturi inavyowataka waliochukiana. Atakayekataa amekataa amani, na kesi itaanza upya.

Kabla ya siku ya kupatana, Paskazia alikwenda Buhinyuza, Muyinga, kumzika dada yake Emiliana, aliyekufa akihangaikia pumzi. Asubuhi ya mapatano aliamka ana homa, na kahawa haikumnukia. Akaelewa. Angeweza kumtuma mtu aombe siku nyingine. Hakumtuma. Alifunga kitambaa mdomoni, akaenda.

“We shemeji!” Nazario alicheka mbele ya watu. “Iyo kitambaa iko ya nini? Mi nilibaki hapa, risasi zilinikosa. Niogope kikohozi? Korona iko ya waoga wa Tanzania!”

“Woga wangu umenifikisha uzeeni, shemeji.”

“Basi kunywa. Ni ya migomba ile ile.”

Nazario akavuta pombe kwa mrija, kifua mbele, akampa Paskazia. Paskazia angekunywa, kisha amrudishie mrija amalizie chungu. Basi. Nazario hakuwahi kukataa pombe wala kukubali kwamba anaumwa. Angekohoa mpaka kaburini akijisifu. Na hakuna ambaye angemlaumu Paskazia, maana desturi ndiyo ingekuwa imemnywesha.

Akaushika mrija kwa hamu. Akilini alimwona Nazario amelala maiti, na watu wa kilima wakimlilia: masikini, amekufa amepatana na shemeji yake.

Amepatana!

Paskazia akauvunja mrija vipande viwili.

“Mama,” alisema mzee Godfrey, mmoja wa waamuzi, “unajua unachovunja?”

“Nusu ya shamba, mzee. Msinisogelee, nina ugonjwa uliomuua dada yangu.” Akamgeukia Nazario, ambaye kicheko kilikuwa kimemganda usoni. “Ningekunywa, ungekufa ukiitwa ndugu yangu. Sikupi heshima hiyo. Uishi, Nazario. Uishi mpaka uing’oe migomba ile kwa mikono yako, nami nimesimama nakutazama.”

Aliugua, akapona. Siku kesi ilipoanza upya, alifika barazani wa kwanza, akachagua kiti kinachoelekea kile cha Nazario.