Maelezo ya Mkono wa Kushoto

Mtaa mzima ulimwita Bwana Sarufi, na jina lilimkaa. Miaka saba tangu astaafu ualimu wa Kiingereza, watu bado walibisha hodi kwake na daftari mkononi: eti "kila mtu" kwa Kiingereza ni mmoja au wengi? Na habari, hata zikiwa kumi, mbona kitenzi chake ni cha kitu kimoja? Alijibu kalamu nyekundu ameichomeka sikioni, na aliyerudia swali mara ya tatu alikiona cha moto. Kusema kweli, alikuwa mtu wa kujisikia.

Kisha mashine ya kiwandani ikamkata mdogo wake mkono wa kulia. Mwajiri akadai jamaa alikuwa amelewa. Baraza la kazi likataka maelezo yake kwa maandishi, kwa Kiingereza. Mdogo mtu aliyaandika kwa mkono wa kushoto, siku nne, jasho likimtoka, akampelekea kaka yake.

"Kaka, niangalizie makosa tu."

Bwana Sarufi alisoma, aibu ikampanda. Watendaji ni wengi, kitenzi ni cha mmoja, kosa lile lile mstari baada ya mstari.

"Jina la marehemu baba liende barazani na uchafu huu?"

Akayaandika yote upya, kwa maneno mazito mazito, akayapiga chapa. Karatasi ya mdogo wake aliichanachana akaitupa jalalani.

Siku ya shauri, mwenyekiti, mama mmoja mpole, alivua miwani.

"Haya umeyaandika wewe?"

"Ndiyo, mama."

Akamwonyesha neno moja kwenye mstari wa kwanza. "Hili maana yake nini?"

Mdogo mtu alilikodolea macho. Hakulijua. Wakili wa kiwanda akacheka waziwazi.

"Fundi mashine na Kiingereza cha majaji! Maneno ya kupikwa haya, mheshimiwa."

"Nilianza kuandika mwenyewe," mdogo mtu akasema. "Kwa mkono huu uliobaki. Karatasi ile kaka anayo."

"Basi niletewe hiyo," mama akasema. "Hata ikiwa na makosa elfu, hiyo ndiyo ninayoitaka."

Wote wakageukia benchi la nyuma, alipokaa kaka mtu. Mdogo mtu alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza tangu aumie, maana hakuwahi kumuuliza kaka yake kitu akakosa jibu. Bwana Sarufi akasimama. Mdogo wake bado alikuwa anamngojea.