Bei ya Kufukuzia Wateja

Fundi Pindo ameshona miaka ishirini na saba, na bei zake hata watoto wanazijua. Kukunja suruali bei moja, kubadilisha zipu bei nyingine, na ukileta nguo chafu unarudi nayo. Ndiyo maana bei za mdogo wake zilimchosha akili.

Mdogo mtu, ambaye mtaa mzima humwita Kaseti, alikuwa na meza kwenye pembe ya chumba hichohicho cha kushonea. Aliuza kaseti za gemu za zamani mtandaoni, na dada yake huyo fundi ndiye aliyemfungia vifurushi kwa mabaki ya vitambaa. Siku moja, akitafuta anwani ya kuandika, dada aliliangalia lile duka la kwenye simu.

"Gemu moja, bei tatu. Umelewa?"

"Dada, ya elfu ishirini imekwaruzika. Ya laki ina boksi lake."

"Kumbe boksi tupu ni elfu themanini. Na mimi hapa natupa maboksi kila Jumamosi. Haya, na hii ya milioni mbili?"

Kaseti akainamia bisibisi yake. "Hiyo siuzi. Ni ile ya Baba."

Marehemu baba yao, karani wa ghala, akirudi kutoka kazini alivua viatu na kucheza nao gemu hilo mpaka chakula kikapoa. Ukiiwasha kaseti leo, juu kabisa ya orodha ya washindi utakuta jina lake, herufi moja imekosewa, na pointi ambazo wao wawili hawajawahi kuzifikia. Akiichukua mtu mwingine akafuta, basi tena.

"Kama huuzi, dukani inafanya nini?"

"Watu wanaikuta, wanaingia, wananunua nyingine. Nikiiondoa duka linazama. Ndiyo nikaweka bei ya kufukuzia wateja."

"Mimi nikitaka kumfukuza mteja namwambia toka."

Miezi miwili baadaye, Jumatano asubuhi, simu ikalia mlio wa mauzo. Kaseti alisoma, akakaa chini. Kaseti ya Baba imenunuliwa, na pesa imeshalipwa.

"Nani huyo mwenye milioni mbili za kuchezea?" dada akauliza, akamnyang'anya simu. Hakupekua sana. Wauzaji wengine wanne wa gemu hilohilo walikuwa wameiona bei ya Kaseti, wakadhani mwenzao anajua jambo, wakapandisha za kwao hadi milioni mbili na nusu. Ya kufukuzia wateja ikawa ndiyo rahisi kuliko zote.

"Nisipoituma wenye mtandao wananishusha nyota, duka linaenda mkiani," Kaseti alisema. "Na nikiituma, napata kibanda changu mwenyewe."

"Kwenye pembe hiyo sijakufukuza. Amua wewe, usije ukasema ni dada."

Kaseti akaiwasha ile ya Baba. Wakalitazama lile jina lenye herufi iliyokosewa, cherehani imesimama, mteja wa suruali anasubiri mlangoni. Kisha Kaseti akabonyeza kurudisha pesa, akaitoa kaseti dukani, akaitia kwenye droo ya vifungo.

Nyota zilishuka kweli, na wiki nzima hakuuza hata waya. Wale wanne nao walipoona ya kwake haipo, walipandisha hadi milioni tatu, wakaandika chini yake: *zimebaki chache*.

Dada alipoisoma hiyo alicheka mpaka sindano ikamchoma kidole.

"Haya, mbaki nazo hapohapo," akawaambia wale wa kwenye simu, akarudi kwenye suruali yake.