Ree Moja Niliyoiita Mbili

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata nikija kusahau jina langu, yenyewe haitanitoka. Ni Jumamosi moja ya miaka ya sabini, mjini Iringa. Nimekaa mezani, karata kumi na tatu mkononi, na mbele yangu amekaa Sefu.

Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, kazi yangu kupiga randa katika karakana ya seremala mjini Mbeya. Shule niliishia darasa la saba, lakini kwa kuota ndoto nilikuwa profesa. Kabla sijamaliza kulainisha ubao mmoja nilikuwa nimeshajenga nyumba, nimeoa, nimepata mapacha na kuwapa majina. Sefu alikuwa akinicheka. "Gwakisa," ananiambia, "wewe ukilala usingizi unapumzika, maana kazi yako ya kuota unaifanya mchana."

Yeye alikuwa fundi baiskeli. Wazazi wake walitokea pwani, wakafia Mbeya angali mdogo, akalelewa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tulikua pamoja, tukachunga ng'ombe za watu pamoja, tukaugua surua pamoja. Na mchezo wa karata tulifundishwa siku moja, kwenye mkeka mmoja, na Bi Mwanahawa.

Bi Mwanahawa alikuwa mjane wa muuza vitenge. Marehemu mumewe aliwahi kuwa karani kwenye shamba la mkonge, na huko makarani walikuwa wakicheza karata inayoitwa briji. Akamfundisha mkewe, na mkewe alipobaki peke yake akatufundisha sisi, kwa sababu alichoka kucheza na kumbukumbu. Ndivyo alivyosema mwenyewe.

Nikueleze kidogo, usije ukapotea njiani. Briji ni watu wanne, wawili kwa wawili, na mwenza wako anakaa mbele yako, upande wa pili wa meza. Kila mmoja ana karata kumi na tatu. Kila mtu akitupa moja, yenye nguvu inachukua zote nne, na huo unaitwa mkono. Kwa hiyo iko mikono kumi na mitatu ya kugombania. Lakini kabla hamjatupa hata karata moja, mnanadi: mnasema kwa zamu mtachukua mikono mingapi, na rangi gani iwe turufu. Mikono sita ya kwanza haitajwi, kwa hiyo ukinadi moja umeahidi saba, na ukinadi saba umeahidi yote. Utamu wote uko hapo. Karata za mwenza wako huzioni, naye hazioni zako. Huruhusiwi kumkonyeza wala kukohoa kwa maana. Una yale maneno machache ya mnada tu, na kwa hayo lazima umwambie ulicho nacho.

Basi wenza wanapanga makubaliano. Sisi, kwa mfano, mmoja akinadi "nne bila turufu", alikuwa hanadi kitu, alikuwa anauliza, "Mwenzangu, una ree ngapi?" Ree ndiyo karata kubwa kuliko zote, na ziko nne, moja kwa kila rangi: shupaza, kopa, uru na pau. Ukijibu "tano uru", maana yake unayo moja. Ukijibu "tano kopa", unazo mbili. Na Bi Mwanahawa alitutia sheria nyingine masikioni mpaka ikaota mizizi: makubaliano si siri. Wapinzani wakiuliza, waelezwe. Mnaoficha maana ya mnada wenu ni wezi.

Halafu Sefu akapata kazi Iringa, kwenye karakana ya baiskeli. Siku anaondoka nilimsindikiza stendi nikiwa nachekacheka kama mtu anayekwenda harusini, kisha nikarudi nyumbani nikalala kifudifudi. Sijui kama umewahi kumkosa mtu mpaka sauti ya kengele ya baiskeli inakukera. Mimi nilikuwa hivyo.

Dawa tuliyoipata ni barua. Sefu alikuwa ananiandikia: "Una karata hizi," anazitaja zote kumi na tatu, "nami nimenadi moja kopa. Unasema nini?" Nami najibu, naweka barua posta, nangoja. Naye anajibu. Mnada mmoja ulikuwa unakula mwezi mzima! Leo mjukuu wangu anacheza briji hiyohiyo kwenye simu, mwenza wake yuko nchi ambayo hata kuitamka hawezi, na mtandao ukikwama dakika moja anasonya. Akikosewa anamfuta mwenza huyo, anachagua mwingine. Namtazama tu. Mimi nilikuwa nasubiri wiki mbili kusikia "nimepita", yaani sina cha kunadi, na likija neno hilo moja nalibusu.

Huko Iringa Sefu alikuwa mgeni. Hakuwa na ndugu. Watu wake walikuwa meza ya Mzee Alimasi, fundi cherehani, aliyekuwa akikusanya wachezaji kibarazani kwake kila Jumamosi mchana. Sefu aliniandikia kuhusu meza ile kama mtu anayeandika kuhusu nyumbani. "Wananiita kwa jina," aliandika. "Nikichelewa wanauliza." Hatimaye akaniomba niende, tucheze pamoja dhidi ya Mzee Alimasi na shemeji yake Kassimu, watu ambao hapo mjini walikuwa hawajafungwa siku nyingi.

Nilipanda basi alfajiri. Nilifika baridi imenitoa machozi, na Sefu amesimama stendi na sweta la kijani lililotoboka kiwiko. Mwanangu, tulikumbatiana mpaka utingo akatuuliza kama tunashuka au tunapanda. Tulikaa kwenye benchi la mgahawa, tukanywa chai ya tangawizi, akatoa barua yetu ya mwisho mfukoni, tukaisoma pamoja tena: nne bila turufu inauliza ree, na ree tu. Akaikunja, akairudisha mfuko wa shati. Niliona kwa macho yangu.

"Kamwene!" Mzee Alimasi alitupokea kwa salamu ya kwao, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. "Kijana wa Mbeya, umekuja na baridi yenu?"

"Hapana, Mzee. Nimeona ya kwenu inatosha."

Wakacheka. Watu kama wanane walikuwa wamesimama pembeni kutazama. Tulicheza vizuri, acha nisijivune, lakini tulicheza vizuri sana. Barua zile zilikuwa zimetufunza. Tukabanana nao, pointi zikipishana kidogo tu, mpaka ugawaji wa mwisho.

Sefu akafungua mnada: moja shupaza. Mimi nina shupaza nzuri, na mfalme wake ninaye. Nina ree ya pau. Uru ninayo moja tu, kikaratasi cha hovyo. Nikaruka: tatu shupaza. Sefu akakuna sikio, akasema, "Nne bila turufu."

Ananiuliza, una ree ngapi. Ninayo moja. Jibu ni tano uru, hata mtoto wa jana angejibu.

Lakini hapo ndipo ndoto zangu zilipoinuka. Nilijua nikisema moja, Sefu ataishia sita, mikono kumi na miwili. Nami nilitaka kumi na mitatu. Nilijiona nashuka stendi Mbeya nikiwaambia watu, tumechukua yote, hatukumwachia Mzee Alimasi hata mmoja. Nikajipigia hesabu: ile uru yangu moja nitaitupa mapema juu ya kopa za Sefu, ree ya uru, kama wanayo wao, haitakuwa na cha kukamata. Kama wasipoanza nayo. Nikasema, "Tano kopa."

Ree mbili.

Sefu akanitazama kwa furaha ambayo sijaiona tena kwa mtu yeyote. Akanadi, "Saba shupaza."

Zamu ya kuanza ilikuwa ya Mzee Alimasi. Kwanza akauliza, kama ilivyo haki yake, "Hiyo tano kopa ya mwenzako, Sefu, maana yake nini?"

"Ana ree mbili, Mzee."

"Haya," akasema taratibu. "Nami ninayo moja." Akaiweka mezani. Ree ya uru.

Mchezo ulikuwa umekwisha kwa karata ya kwanza. Lakini sheria ya briji ni kwamba mwenza wa anayecheza anazilaza karata zake wazi mezani, wote wazione. Nikazilaza. Kassimu akaziangalia, akainua nyusi. "Ree ya pili iko wapi, bwana mdogo? Imekwenda sokoni?"

Watu wakacheka. Kicheko kile, mwanangu, kilikuwa kidogo tu, cha kawaida. Ningeweza kusema, "Nimetamani makubwa, nisameheni," tukanywa chai. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema: "Katika barua tulikubaliana mfalme wa turufu naye ahesabiwe kama ree. Sefu anajua."

Nilijiona nimejitoa. Sikuona nilikomtia mwenzangu. Maana kama kweli tulikubaliana hivyo, basi Sefu alipoulizwa na Mzee Alimasi alikuwa ameficha. Alikuwa mwongo na mwizi wa meza, mbele ya watu pekee aliokuwa nao mjini.

Mzee Alimasi aliuvua ule utepe shingoni, akaukunjakunja. "Sefu. Mlikubaliana hivyo?"

Barua ilikuwa mfukoni mwake. Ilikuwa aitoe tu. Mkono wake ulikwenda mpaka kifuani, ukasimama pale juu ya mfuko. Akanitazama, mimi nikatazama karata. Kisha akaushusha mkono.

"Kosa langu, Mzee," akasema. "Nilisahau kuwaambia."

"Mtu anasahau kofia," Mzee Alimasi akajibu. "Meza hii, Sefu, usirudi tena."

Tulimalizia ule mchezo kwa sababu sheria ni kumalizia. Mikono kumi na miwili iliyobaki tuliichukua yote. Ningesema kweli tungeshinda.

Sefu alinisindikiza stendi, amenibebea mfuko. Njia nzima hakunilaumu. Aliniuliza habari za mama, habari za karakana. Mimi nikawa na neno kooni, nikasema moyoni nitamwambia tukifika pale, tukafika, nikasema nitamwambia pale mbele. Basi likawaka. Alipunga mkono mpaka kona. Hilo sweta la kijani naliona hadi leo, na kila nikiliona limesimama, haliondoki, kana kwamba lingali linanisubiri nishuke.

Nilimweleza Bi Mwanahawa, nikitarajia anifariji. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Mwenza wako haoni karata zako," akasema. "Anaona unachomwambia, basi. Ulimdanganya mara ya kwanza akakuamini. Mara ya pili ukawadanganya watu juu yake, akakulipia. Sasa unanieleza mimi ya nini? Mimi nilikuwapo mezani?"

"Nitamwandikia, Bibi."

"Ulimvunjia jina kwa barua?"

"Hapana, Bibi. Kwa mdomo."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Basi unajua pa kwenda."

Nilijua. Lakini wiki ile karakana ilikuwa na kazi ya madawati. Wiki ya pili niliona aibu. Ya tatu nilitunga maneno mazuri, maana mimi mtu wa ndoto, nikataka yawe mazuri kweli. Jumamosi ya nne ndiyo nilipanda basi.

Niliwakuta mezani vilevile. Nilisimama kibarazani, na yale maneno mazuri yote yakanikimbia. Nikasema tu: "Wazee, yale makubaliano hayakuwapo. Nilisema uongo. Sefu hakuficha kitu, na barua ya kuonyesha hivyo alikuwa nayo mfukoni."

Kassimu alizilaza karata zake kifudifudi. Mzee Alimasi akavua miwani, akaonekana mzee ghafla.

"Ameondoka Jumatatu," akasema. "Alipita hapa. Alisimama pale ulipo wewe, akasalimia. Mimi sikuitikia."

Tulikwenda wote watatu karakana ya baiskeli. Mafundi wa pale hawakujua alikoelekea. Mmoja akasema alipanda lori la njia ya Idodi. Nilikwenda Idodi. Waliniambia naam, alipita kijana anayetengeneza baiskeli, mpole, amelala siku mbili, akasonga mbele. Mbele wapi? Wakanionyesha barabara.

Nimeuliza miaka mingi. Wafugaji waliohamia Usangu na wachimbaji waliotoka Makongolosi, wote nimewauliza. Nikisikia fundi baiskeli yuko mji fulani, natuma mtu. Nimemwandikia barua ambazo sikujua niweke anwani gani. Mzee Alimasi naye, mpaka anafariki, kila aliyetoka safari alikuwa akimuuliza swali hilohilo kabla ya salamu. Nimecheza na wenza wengi baada ya hapo, wengine hodari kuliko Sefu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunitazama kama alivyonitazama niliposema tano kopa. Aliniamini kabisa, mwanangu. Hicho ndicho ninachokikosa. Si mchezo.

Basi nakuusia, nisikilize. Ukiulizwa una ngapi, sema ulizo nazo, hata kama ni moja na ulitamani nne. Anayekaa upande wako atapanga maisha yake juu ya jibu lako, na hana pengine pa kuchungulia. Ukikosea, kosa lako libebe mwenyewe palepale wanapocheka. Kicheko cha watu kinaisha kabla chai haijapoa. Na kama umemvunjia mtu jina, usingoje maneno yawe mazuri. Nenda leo. Nenda na maneno mabovu, mbele ya walewale waliokusikia, yeye akiwa bado yupo pa kukutwa.

Mungu akujalie mtu wa kukuamini bila kuziona karata zako. Akuzidishie moyo wa kumstahili, akupe mdomo mwepesi wa kuomba msamaha, na kila utakayemkosea umkute nyumbani, mlango wazi, aitikie hodi yako. Amina, mwanangu.