Nilipokwenda Erdington Kuposa kwa Jina la Amerika

Dada yangu Zainabu alinipigia simu kutoka Nakuru: niende Birmingham nikamposee kijana wake, Yusuf. Yusuf anaendesha malori Amerika. Alimwona Hamdi, binti wa huko Birmingham, kwenye harusi Nairobi, na tangu siku hiyo, anasema mamake, chakula hakipiti.

“Wewe ndiye mjomba wa karibu. Ukiharibu, Nakuru usikanyage.”

Basi mimi, niliyeacha shule darasa la saba, nikawa mshenga. Wala sikuhangaika. Kwetu mnajua, ukisema tu “kijana yuko Amerika,” chai inaletwa, na kabla haijapoa watu wako kwenye mahari. Sikujiandaa neno lingine.

Asubuhi nikapanda basi London, kanzu chini ya jaketi. Njia nzima nilijaribu “yuko Amerika” kwa sauti mbalimbali, mpaka mama wa kiti cha mbele akahamia nyuma.

Birmingham nikapanda treni ya Erdington kwa kujiamini kabisa, nikashuka Selly Oak, katikati ya wanafunzi. Reli ni ileile, mimi nimeenda upande wa pili. Nikarudi.

Erdington nilifika saa ya chakula. Babake Hamdi, Mzee Abdi, Msomali aliyekulia Isiolo, alinikaribisha kwa chai na sambusa. Alikuwa na rafiki yake, Mzee Noor. Nikakohoa.

“Kijana wetu yuko Amerika.”

Mzee Abdi akaweka sambusa yake chini.

“Amerika hii ya sasa?” Mzee Abdi akauliza, kana kwamba nimemtaja mgonjwa.

“Kwani kuna nyingine, mzee?”

“Ile ya zamani, iliyokuwa ikikohoa dunia inanyamaza. Siku hizi barabara za kwetu anajenga Mchina. Hata hicho kikombe ni chake.”

Nikakipindua kusoma chini. Chai yote kwenye kanzu.

“Acha, Abdi!” Mzee Noor akaruka. “Dola ikipanda, Eastleigh nzima pale Nairobi, na maduka yake, haipati usingizi. Unamzika mtu anapumua!”

“Anapumua kwa mashine!”

Wakanisahau. Huyu anaishusha Amerika, yule anaipandisha, na posa ya Yusuf imo humo humo, inapanda na kushuka.

Hamdi akatoka jikoni. Kiswahili anakisikia, ila hujibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi waliozaliwa hapa.

“Anko, mimi siolewi na nchi. Yusuf akikasirika, anakuwaje?”

Nikafungua mdomo. Mdomo ulikuwa na sambusa tu.

“Sijui, binti yangu.”

“Mshenga hamjui bwana harusi!” Mzee Abdi akacheka mpaka akajifuta machozi. “Nenda kaulize. Jibu likiwa baya, hakuna posa.”

Jioni, kituo cha basi, nikampigia dada.

“Umewaambia yuko Amerika?”

“Nimewaambia. Wanabishana mpaka sasa. Yusuf akikasirika, anafanyaje?”

“Hasemi kitu. Anaingia jikoni anaosha vyombo vyote, hata visafi.”

Kama Amerika inaanguka, mimi sijui. Wazee wawili wameshindwa, sembuse mimi niliyeshindwa na treni. Nilichojifunza ni kwamba ukitumwa kuposa, beba habari za mtu. Za nchi, wenye nyumba wanazo.

Nikampigia Mzee Abdi, nikampa jibu kama nilivyopewa. Nikasikia akilirudia kwa sauti, kisha kicheko cha msichana.

“Hamdi anasema aje mwenyewe tumwone,” mzee akaniambia. “Na asije ametulia, vyombo hapa ni vingi.”