Mume Wangu Alipogoma Kumbusu Liesel

Kwa majivuno mimi nilikuwa wa pili mjini Osterode. Wa kwanza ni mke wa mchungaji, na yeye tumwachie. Nalisema mapema ili mtu asije akanionea huruma bure.

Mume wangu ni Eckehard Wiegmann, mtoto wa mlinzi wa kivuko cha reli. Alisoma kemia chuo kikuu cha Göttingen miaka sita, halafu akaja kiwanda cha maziwa cha kwetu kupima maziwa, na akayapima mpaka alipostaafu msimu wa kuchipua uliopita. Ni mtu mpole. Baiskeli za majirani anazitengeneza bila kudai kitu, na kwenye karata anafungwa na wajukuu kwa sababu uso wake hauwezi kuficha karata nzuri. Ndivyo nilivyomjua.

Baba yangu alikuwa na bucha, na ulimi wake ulikata kuliko visu vyake. Wachumba watatu aliwafukuza. "Binti yangu haolewi na mtu wa kazi nusunusu," alikuwa akisema. Jumapili Eckehard alipokuja kula kwetu mara ya kwanza, hata supu haijapoa, baba akamwuliza, "Hiyo shahada ya udaktari wa kemia umeimaliza?" Eckehard akajibu, "Nimeimaliza." Baba akainuka kuleta chupa ya pombe kali, na mimi nikajua nimeolewa.

Tangu hapo nikawa Mama Daktari. Kwa mwokaji mikate, Mama Daktari. Kwenye kwaya, Mama Daktari kiti cha mbele. Nilipotaka kubandika kibao cha "Dkt. Wiegmann" mlangoni, Eckehard alikataa katakata. Hata kwenye barua hakuandika. Nikawaambia watu, jamani, mnaona unyenyekevu wa huyu mtu? Nikajivuna kwa niaba yake.

Alipostaafu nikampa zawadi: siku mbili Göttingen, hoteli na kifungua kinywa.

"Göttingen kuna nini cha kuona?" akauliza.

"Tukaone ulikosomea."

"Twende Goslar, Roswitha. Goslar pazuri."

"Goslar tumekwenda mara tisa!"

Kutoka kwetu hadi Göttingen ni mwendo wa saa moja tu, na miaka thelathini na tisa hakuwahi kunipeleka. Hata siku moja sikujiuliza kwa nini.

Ijumaa ilikwenda vizuri, siwezi kusema uongo. Tulizunguka mji juu ya boma la udongo lililoulinda zamani, chini ya miti. Tulipanda mnara wa kanisa, ngazi zote. Tuliona chumba walichokuwa wakifungiwa wanafunzi wakorofi zamani, kuta zimejaa michoro, na Eckehard akacheka mpaka akakohoa. Akanionyesha dirisha la chumba alichopanga, juu ya duka la fundi viatu.

"Pale nilikula viazi miezi minne mfululizo."

"Ndiyo maana hutaki viazi vyangu."

"Vyako sitaki kwa sababu nyingine," akasema, nikampiga begani na mkoba.

Jumamosi ikawa zamu ya Liesel. Liesel ni sanamu ya binti mchunga mabata bukini, amesimama juu ya kisima mbele ya jumba la zamani la baraza, na kila anayepata udaktari mjini humo hupanda, akambusu na kumwachia maua. Nilishamwuliza Eckehard mara nyingi siku yake ilikuwaje. Jibu lilikuwa lile lile: "Mvua ilinyesha." Basi nikanunua shada sokoni, nikampa.

"Kama siku ile mvua ilikuzuia, leo jua linawaka. Panda."

"Roswitha, goti."

"Ebo! Goti gani? Jana limepanda mnara mzima!"

Tukiwa tunabishana, likaingia kundi la vijana na mkokoteni uliopambwa puto, na ndani yake msichana mwenye kofia ya karatasi ngumu. Ndiye daktari mpya. Walikuwa wakimwita Frauke. Alipanda, akambusu Liesel, watu wakashangilia. Na mimi, mdomo wangu huu, nikapaza sauti: "Hapa yupo daktari mwingine! Wa miaka thelathini na tisa iliyopita, bado anamwonea haya Liesel!"

Walipiga vigelegele! "Panda, babu! Panda, babu!" Frauke akashuka, akavua kofia yake, akamvalisha mume wangu.

Eckehard akaivua, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Samahani, binti. Mimi sikumaliza. Si daktari."

Hakupaza sauti, lakini tulisikia wote. Msichana wa watu hakujua atazame wapi. Mmoja wao akaanzisha wimbo, wakamrudisha kwenye mkokoteni wake, kwa kuwa siku ilikuwa yake.

Nilitoka pale mbio mbio, yeye nyuma yangu, mpaka juu ya boma. Nikakaa kwenye benchi nikamgeukia.

"Miaka thelathini na tisa, Eckehard! Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako imefika wapi?"

"Profesa alinitaka nirudie majaribio yote," akasema. "Miaka miwili zaidi. Nilikuja kwenu Jumapili ile nikiwa na nia ya kurudia. Baba yako akauliza, nikasema ndiyo, nikijua udaktari nitaukamilisha baadaye. Kisha akazaliwa binti yetu Silke, nikashika kazi ya maziwa."

"Na mimi najipitisha mjini kama tausi! Si ungeniambia?"

"Uliupenda mno. Kila mwaka ukawa mgumu zaidi kukunyang'anya."

Kisha akauliza, akitazama viatu vyake:

"Ungenikubali bila huo udaktari?"

Ningeweza kusema ndiyo. Angefurahi. Lakini uongo mmoja ulitosha kwa nyumba moja.

"Nisingekubali," nikasema.

"Nilijua."

Nikamkumbuka Silke na wajukuu. Nikakumbuka majira ya baridi nilipougua, huyu mtu akaniosha nywele kwenye beseni wiki kumi na moja, akipima joto la maji kwa kiwiko. Vyote hivyo nilivipata kwa neno moja la uongo mezani kwa baba. Nikalia kwa hasira, na niliyemkasirikia alikuwa yule msichana wa miaka ishirini na minne niliyekuwa mimi siku ile, ambaye angeambiwa ukweli angemwacha Eckehard aende zake.